Vishikio vya Chuma

Watu wa mtaa ule walimwita Cheche, na si kwa ajili ya hasira zake, ingawa hasira alikuwa nazo za kugawa. Walimwita hivyo kwa sababu tangu ana miaka kumi na mitano ungemkuta kwenye karakana ya baba yake, ovaroli imemzidi miguu, miwani nyeusi usoni, anachomelea geti huku cheche zinaruka mpaka barabarani. Wanaume walisimama kumtazama. Wengine walinung'unika, msichana gani huyu. Baba yake, ambaye kila mtu alimwita Fundi kana kwamba duniani hakuna fundi mwingine, aliwajibu bila kuinua kichwa: "Msichana anayeunga chuma kuwashinda nyinyi."

Na ilikuwa kweli, tusidanganyane. Cheche alikuwa fundi hasa. Mshono wake ulinyooka kama umepigwa rula, na wateja walifika wakauliza "Binti yupo?" kabla hata ya kusalimia. Fundi aliona raha. Mtoto mwingine hakuwa naye. Mkewe alifariki Cheche akiwa na miaka tisa, na dada yake Fundi, Shangazi, alikuja msibani akasema atakaa wiki mbili tu amsaidie kaka yake. Sasa ulikuwa mwaka wa ishirini na mbili na zile wiki mbili hazijaisha. Basi nyumba ilikuwa ya watu watatu, karakana mbele, vyumba nyuma, na baraza pembeni inayotazama barabara. Mambo yalikuwa yamepangwa. Mzee akichoka, binti anashika mashine. Nani angetaka zaidi ya hapo?

Cheche ndiye aliyetaka. Likizo za shule alikuwa akienda kwa bibi mzaa mama, na huko alijifunza kusuka ukili. Unachukua majani ya ukindu yaliyochanwa na kukaushwa, unayalowesha kidogo, unayapishanisha moja juu moja chini mpaka upate utepe mrefu, kisha unaushona utepe ule duara kwa duara hadi kikapu kisimame. Bibi alikufa, ufundi ukabaki vidoleni mwa mjukuu. Miaka yote ile ya geti na grili, Cheche akishanawa masizi alikaa barazani akasuka. Alisuka akiwa na furaha, alisuka akiwa na msiba, alisuka siku aliyoachwa na mchumba. Watu wa nyumbani waliona ni kitu cha kupoza mikono, kama wengine wanavyotafuna karanga.

Basi asubuhi moja, ana miaka thelathini na moja, kikombe cha chai mkononi, akasema, "Baba, nataka kuacha karakana."

Shangazi alipiga kigelegele palepale. "Nilijua tu! Ni nani huyo? Kwao wapi?"

"Si mtu, shangazi. Ni vikapu."

Kigelegele kikakatika katikati. "Vikapu? Yaani nimesubiri mkwe miaka yote hii, naletewa majani!"

Fundi hakucheka. Aliweka kikombe chini polepole, akamtazama binti yake kama anayetazama nyufa ukutani. "Rudia."

"Nataka kusuka vikapu, baba. Iwe ndiyo kazi yangu. Asubuhi mpaka jioni."

"Mbuzi mmoja akipita barazani amekula mtaji wako wote," Fundi alisema. "Geti langu la kwanza limesimama mpaka leo. Wewe baada ya miaka arobaini utaonyesha nini?"

"Sikimbii chuma kwa kukishindwa, baba. Nakiacha nikiwa nakiweza. Ni wangapi wanaoweza kusema hivyo?"

Hapo moto ukawaka. Fundi alisema yote ambayo baba husema: kazi ya mkono inayoeleweka, mvua na jua nilivyovumilia, usitupe mbachao kwa msala upitao. Cheche naye hakunyamaza hata neno moja. Mwishowe mzee, sauti imemkauka, akamwekea masharti. Miezi mitatu. Akipata oda ya maana na kuitimiza siku yake, baba atafunga mdomo mpaka anaingia kaburini. Asipoitimiza, anavaa ovaroli, na habari za majani zinaishia hapo.

"Nakubali," Cheche alisema, akanyoosha mkono. Wakapeana mikono, yote miwili ina makovu ya moto.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa masimango. Barabara nzima ilipita mbele ya baraza ile, na walimwengu hawana dogo. "Cheche, umeugua?" waliuliza. "Nimepona," aliwajibu. "Umefukuzwa na mzee?" "Nimejifukuza." Kuna mama mmoja alisimama akatikisa kichwa, akasema majani ni kazi ya asiye na kazi. Cheche alimuuliza sokoni anabebea nini, kiganja? Mama akaenda zake. Mwezi wa pili Cheche alianza kupiga rangi ukindu, na akakosa sufuria kubwa, akachukua ya Shangazi bila kuomba. Jumapili yake nyumba nzima ilikula maharage ya zambarau. Shangazi aliapa kwa Mungu wake kwamba hata karakana haikuwahi kumfanyia ubaya wa aina ile.

Lakini vikapu vilitoka, na vilikuwa vizuri. Vikubwa, vya sokoni, vitako vipana, mbavu zimekaza. Akauza kimoja kwa jirani, viwili kwa walimu, kimoja kwa muuza samaki aliyerudi kusema hakijanyong'onyea hata kwa maji ya chumvi. Mwezi wa tatu ukaja mguu wenye bahati. Mwanamke mwenye duka la mapambo ya nyumba alisimamisha gari, akashuka na viatu virefu, manukato yakafika barazani kabla yake. Aligeuza kikapu kimoja juu chini, akakigonga kitako. Akaagiza ishirini na vinne, saizi moja, atavifuata mwenyewe Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

"Oda ya maana hiyo au siyo?" Cheche alimuuliza baba yake jioni.

"Oda ni kitu kimoja," Fundi alisema. "Kutimiza ni kitu kingine."

Akasuka mpaka mgongo ukalia. Jumatano ya wiki ile ya mwisho vikapu vyote ishirini na vinne vilikuwa vimesimama barazani, vimebakiza vishikio tu. Na vishikio aliviacha mwisho makusudi, ndivyo bibi alivyomfundisha. Kishikio cha kikapu cha mzigo hakibandikwi juu mdomoni. Ni mkanda mmoja mrefu wa ukili unaoanzia chini ya kitako, unapanda ubavu mmoja, unafanya kishikio, unashuka ubavu wa pili na kurudi kitakoni. Hivyo uzito wote unakaa juu ya mkanda na kikapu chenyewe hakivutwi popote. Mikanda ile inataka ukindu mrefu, na wake ulikuwa umekwisha. Alhamisi alfajiri akapanda basi kwenda kwa muuza ukindu, mbali, akijua kwamba akirudi jioni atakuwa na Ijumaa nzima ya kushona. Ilitosha. Alikuwa ameshapiga hesabu.

Yaliyotokea nyuma yake alikuja kusimuliwa na Shangazi. Fundi alikuwa amepita barazani Jumatano, akaviona vikapu havina vishikio, akahesabu siku kwa vidole, na roho ikamruka. Mzee wa watu hakujua mambo ya mikanda. Aliona tu kazi ambayo haijaisha na siku ambazo zimeisha. "Mtoto ataaibika," akasema.

"Si ndicho ulichokitaka?" Shangazi akamuuliza.

"Nilitaka arudi. Sikutaka aaibike."

Basi Alhamisi, kwa mara ya kwanza tangu anunue mashine, Fundi alifunga karakana siku ya kazi. Alikunja vyuma vyembamba ishirini na vinne, vyote upinde mmoja, akavisugua, akavipaka rangi nyeusi inayong'aa. Kisha akachukua drili. Akatoboa kila kikapu huku na huku karibu na mdomo, akapitisha kishikio, akakigonga ribiti, ile misumari butu ya kukazia, na kipande cha bati ndani na nje ili kishike vizuri. Hakula mchana. Cheche aliposhuka kwenye basi saa kumi na moja, mzigo wa ukindu kichwani, alimkuta baba yake amesimama barazani na rangi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyefua shati lake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Nimekuokoa," akasema.

Cheche aliutua mzigo. Alipiga magoti mbele ya kikapu cha kwanza, akapitisha kidole pale palipotobolewa. Kwenye chuma, tundu ni mahali pa kushikia, na Fundi hakuwahi kufanya kazi na kitu kingine. Ila ukili hautobolewi. Kila jani linashikilia mwenzake, na ukikata moja umeyalegeza yote. Msusi wa miaka saba analijua hilo, halafu fundi aliyekaa kazini miaka arobaini hakulijua.

"Baba, umevitoboa."

"Sasa nitavifungaje bila kutoboa?" Aliuliza kweli, hakuwa na ubishi. Hapo ndipo Cheche alipotaka kucheka na kulia kwa pamoja, na kwa kuwa hakuweza yote mawili, akafoka.

"Nani alikwambia uguse kazi yangu? Nani? Mimi nimewahi kuja kukusukia geti?"

Uso wa mzee ukabadilika. "Chuma kile kinabeba ng'ombe!"

"Chuma kitabeba. Kikapu je?"

"Dada," Fundi akamwita Shangazi, "lete viazi."

Viazi vikaletwa, nusu gunia. Fundi mwenyewe akajaza kikapu, akakamata kishikio, akainua mpaka usawa wa kiuno. Kwanza jani moja lililia, tap. Kisha jingine. Kisha ubavu wote ukafunguka kwa mkupuo, viazi vikabingirika mpaka barabarani, na Fundi akabaki ameshika upinde wake mweusi unaong'aa, haukupata hata mkwaruzo. Akautazama. Angesema lolote pale, hata pole, mambo yangekuwa mengine. Lakini heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

"Kishikio kizima," akasema. "Majani yako ndiyo mabovu."

"Umeyakata, halafu unayaita mabovu?"

"Jumamosi ni keshokutwa. Neno ni neno." Akaingia karakanani, akafunga mlango wa bati.

Ijumaa Cheche alijaribu kuviokoa. Kufungua ribiti, kufumua ubavu, kusuka upya, kushona mkanda kutoka kitakoni. Hadi jua linazama alikuwa amepata vitatu. Akaacha, akakaa tu, akavitazama vile ishirini vilivyobaki na kile kilichopasuka. Hasira ilikuwa imemchosha kuliko kazi.

Jumamosi saa nne gari likasimama. Mwenye duka akashuka, akaviona, akapiga makofi.

"Lo! Hukuniambia vitakuwa na chuma! Mbona vimependeza hivi!"

"Mama, hivyo vimetobolewa," Cheche alisema. "Havibebi."

"Havibebi nini?"

"Viazi. Unga. Chochote chenye uzito. Vitapasuka."

Mwanamke akacheka, cheko la mtu mwema, hakuwa na ubaya wowote. "Dada yangu, nani atatia viazi humu? Hivi vinawekwa sebuleni, mtu anatia maua makavu, anatia taulo. Nifungie vyote. Na mwezi ujao nataka hamsini, chuma hivihivi. Hiki chuma ndicho kimevitoa!"

Kwenye mlango wa karakana Fundi alikuwa amesimama na nyundo ambayo haigongi chochote. Kwenye dirisha Shangazi alikuwa akichezesha midomo, sema ndiyo, sema ndiyo, mtoto sema ndiyo. Neno moja tu. Oda imetimia kwa siku yake, mdomo wa baba umefungwa mpaka kaburini, kazi ya mwezi ujao iko mkononi, na hata kile kitendo cha mzee kingegeuka kuwa baraka, wote wakanywa chai kwa amani. Hakuna ambaye angemlaumu. Alitamani. Tusimfanye malaika, alitamani mpaka mate yakamjaa kinywani.

"Sikuuzii," akasema.

"Unasemaje?"

"Vitatu vile pale viko sawa, hivyo chukua. Hivi vingine sikuuzii. Kati ya watu ishirini kuna mmoja atakayetia kitu, mama, kwa sababu ni kikapu. Kitampasukia njiani."

"Na hatajua nani alikisuka!"

"Mimi nitajua."

Mwenye duka alimtazama juu mpaka chini, si kwa dharau, kwa kushangaa tu. "Kwa kiburi hiki, binti, utalala njaa."

"Hilo niachie mimi."

Vile vitatu hakuvichukua, vitatu vya nini. Gari likaondoka. Shangazi alitoka ndani, akakaa chini sakafuni miguu mbele kama mfiwa. "Tumerogwa," akasema. "Nyumba hii imerogwa. Mtu anakupa hela unamfukuza!"

Cheche alipanga vikapu saba kichwani na mikononi, akaingia navyo karakanani, akaviweka juu ya meza ya kazi, akachukua mashine ya kusagia chuma ili akate zile ribiti. Fundi alikuwa nyuma yake.

"Ovaroli yako iko palepale kwenye msumari," akasema.

"Sivai."

"Umeshindwa oda."

"Nimeshindwa."

"Ulitoa neno, ukanipa mkono."

"Nilitoa, na sasa nalivunja, mbele yako, mchana kweupe, wala simsingizii mtu." "Ukitaka kuniita mwongo, niite. Lakini kwanza niambie jambo moja. Unakumbuka geti la yule mwenye ghorofa? Mabomba yake yalikuwa yameoza ndani. Yeye mwenyewe alikwambia, paka rangi, nani ataona. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeshika kopo la rangi mkononi. Ulifanya nini?"

Fundi alitazama pembeni. "Nililikata."

"Ulilikata lote, vipande vipande, kwa vijiti vyako vya kuchomelea na umeme wako, ukamwambia aende. Tukakaa mwezi mzima tunakula ugumu. Shangazi alikutukana wiki nzima."

"Na bado sijamaliza," Shangazi akasema kutoka mlangoni.

"Sasa leo nimuuzie mtu kikapu chenye matundu? Ningejifunza wapi hayo, baba? Humu ndani? Kwa nani?"

Mzee akakaa juu ya kopo lililopinduliwa. Kwa ile mikono iliyojenga nusu ya mageti ya mtaa ule, akakichukua kikapu kimoja na kukipindua, akapitisha kidole gumba kwenye tundu lake mwenyewe, mara mbili, mara tatu.

"Sikujua," akasema. "Kwamba ukitoboa unakiua. Sikujua kabisa."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza." Kwa Fundi hilo lilikuwa kubwa kuliko kuomba radhi, na Cheche alilipokea bila kulipamba. Kisha mzee akasimama, akamnyang'anya mashine ya kusagia mkononi. "Toa vikapu vyako humu. Ukisaga hapa moto utaruka na majani yatawaka, tutaungua sote. Ribiti hizi ni za kung'oa kwa patasi." Akamtafutia patasi, akaipuliza vumbi, akampa na nyundo ndogo. Ovaroli hakuitaja tena.

Cheche akarudi barazani na mzigo wake. Oda ilikuwa imekwenda na gari, mwenye duka hatarudi, na mbele yake kulikuwa na vikapu ishirini na kimoja vya kufumua na hakuna hata mtu mmoja aliyeviagiza. Alikalia mkeka, akaweka cha kwanza katikati ya magoti, akaanza kutafuta kichwa cha ribiti.

Kijana mmoja akapita na baiskeli, akapunguza mwendo. "Cheche! Hayo majani bado tu? Unarudi lini kazini?"

Cheche alifungua mdomo, jibu kali liko tayari ulimini. Hakuwahi kulitoa. Sauti ilitoka karakanani, kubwa, ya mtu aliyezoea kushindana na mashine, mpaka yule wa baiskeli akayumba.

"We! Huna macho? Huoni yuko kazini?"